Nililipia Bahari, Nikaonyeshwa Makaburi

Makaburi sikuomba. Makaburi tunayo hapa Silibwet, na wiki haiishi bila kutangaziwa matanga na kuzungushiwa kitabu cha michango. Nilichoomba mimi, kwa kuinua mkono mbele ya mashahidi, ni bahari.

Sisi ni kikundi cha wakulima wa majani chai. Tulianza kukutana bila kujua tunakutana, pale kwenye kituo cha kununulia majani, tukingoja lori la kiwanda. Lori likichelewa, watu huzungumza. Na kwa kuwa lori halijawahi kufanya jambo lingine ila kuchelewa, tumezungumza mpaka tukapata mwenyekiti, katiba na muhuri. Bonasi ilipoingia mwaka jana tukakubaliana kila mtu akatwe shilingi elfu tano, twende Pwani. Neno lililoandikwa kwenye muhtasari ni hilo: Pwani. Hakuna aliyeuliza Pwani ipi, maana mtu wa Bomet ukimwambia Pwani anaona maji ya chumvi, samaki wa kupaka na ngamia wa kupigia picha.

Kosa la kikundi lilikuwa kumchagua mpwa wangu kuwa katibu. Kijana ana adabu, anaandika vizuri, pesa hali. Ila ni mwalimu wa historia wa sekondari, na mwalimu wa historia akipewa basi ni sawa na mlevi aliyepewa funguo za kilabu.

Tulitoka Silibwet jioni, kila mtu na sweta yake. Jirani yangu, mzee anayesumbuliwa na goti, alibeba galoni tupu ya lita tano ya kurudi na maji ya bahari, maana ameambiwa ndiyo dawa. Akina mama walikuwa na nguo za kuogelea walizozificha chini kabisa ya mikoba, chini ya Biblia. Mimi nilikuwa na kaptula ndani ya suruali, tayari kwa lolote. Tukapita Narok, tukateremka Mai Mahiu tukanywa chai ambayo sitaki kuieleza (mkulima wa chai akinywa chai ya barabarani huona namna majani yake yalivyotukanwa), tukavuka Nairobi usiku, tukaishika barabara ya Mombasa. Alfajiri tukafika Voi. Watu wakaanza kuimba.

Basi likakata kona kulia.

Nimefika Mombasa mara moja, ujanani, na nakumbuka vizuri kwamba mtu akitoka Nairobi hakati kona kulia hapo Voi. Nikamwita katibu. "Tunaenda wapi?"

"Taveta, Mjomba."

"Taveta ina bahari?"

"Ina historia, Mjomba. Na ilikuwa Mkoa wa Pwani. Makao makuu ya mkoa yalikuwa Mombasa kabisa."

Hilo ni kweli, na ndilo lililoniuma. Kaunti ya Taita-Taveta ilikuwa ndani ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo hata mahakamani ningeshindwa. Nilipogeuka kuwaarifu wenzangu, nikakuta wameshatekwa na ndovu waliosimama kando ya barabara, kila mtu ametoa simu dirishani. Ndovu wale walikuwa wekundu kwa udongo wa Tsavo na hawakuwa na haraka yoyote. Ghasia za kudai bahari zikafa hapo.

Kisha mpwa wangu akachukua kipaza sauti cha basi, kile ambacho utingo hukitumia kupigia miziki, akaanza somo. Vita Vikuu vya Kwanza, alisema, vilikuja Kenya kwa mlango huu. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi wakaichukua Taveta, wakakaa. Waingereza nao wakaamua kujenga reli kutoka Voi kuja kuwafukuza, na kwa kuwa nchi hii ni kavu, wakavuta maji kwa bomba kutoka milima ya Bura mpaka kambi yao ya Maktau.

Hapo nikaomba kuuliza swali. Nikauliza hiyo ilikuwa mwaka gani. Akasema 1915. Nikauliza tena, kwa sauti ya watu wote kusikia, kama walikuwa wanapigwa risasi wakati huo. Akasema naam, na reli ilikuwa ikitegwa mabomu. Nikakaa. Kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri, vita hatuna, na mradi wetu wa maji umezinduliwa mara kadhaa na watu waliovaa tai. Tulichonacho mpaka leo ni mnara wa kuwekea tangi. Tangi lenyewe halijapanda.

Mahali penyewe palipopiganiwa ni kilima kinaitwa Salaita, upande wa kushoto na kulia nyika tupu, miiba na joto linalomfanya mtu ajute kuwa na ngozi. Nilitarajia mlima. Kilima hiki kingekuwa kwetu, kingekuwa shamba la mtu mmoja, amepanda chai upande mmoja na upande wa pili amefunga ng'ombe, na wala kisingepewa jina. Lakini kwenye tambarare ile, anayekaa juu yake anamwona kila anayekuja tangu mbali, na kwa hiyo watu walikifia.

Habari yenyewe ni ya kuchekesha kama si kwamba watu walikufa. Tarehe 12 Februari 1916, jenerali wa Kiingereza aliyeitwa Malleson alituma maelfu ya wanajeshi kukiteka, wakiongozwa na brigedi ya Waafrika Kusini weupe waliokuwa ndio kwanza wameshuka melini. Alikuwa ameambiwa juu kuna watu mia tatu hivi. Walikuwepo zaidi ya elfu moja, na bunduki za rashasha. Mizinga ikapiga kilele cha kilima asubuhi nzima, ikakichimbua vizuri sana, kumbe mahandaki ya kweli yalikuwa chini, miguuni pa kilima, na waliomo wanasikiliza makombora yakipita juu ya vichwa vyao. Waafrika Kusini wakakaribia kwa imani. Mpaka mchana walikuwa wanarudi mbio. Upande wa Waingereza ulipoteza watu 172 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea, wengi wao wakiwa wageni hao.

Waliowakinga wasimalizwe ni kikosi cha 130 cha Wabaluchi, askari kutoka Bara Hindi, ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau na kuwaita makuli. Husimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki ya rashasha iliyotupwa na wale waliokimbia, wakawarudishia kwa heshima zote pamoja na kijibarua cha kuwaomba wasiwaite makuli tena. Mwenyekiti wetu, ambaye huandika barua za malalamiko kwa kiwanda kila mwezi na hajawahi kujibiwa, aliomba asimuliwe mara ya pili ili ajifunze mtindo.

Karibu na hapo tukaonyeshwa mbuyu mkubwa. Wenyeji husema kwamba mwanamke mmoja wa Kijerumani alijificha ndani yake na bunduki, akawa anawadungua Waingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Mpwa wangu akasema hakuna ushahidi wa maana. Akina mama wa kikundi walisema ushahidi gani tena, na mbuyu si huu hapa? Jirani yangu wa goti aliuzunguka mti mzima, akauchungulia, halafu akauliza alikuwa akienda haja wapi. Swali hilo halijibiwi katika kitabu chochote cha mpwa wangu.

Mwezi uliofuata akaja jenerali mwingine, Smuts, Kaburu aliyepigana na Waingereza hao hao miaka kumi na mitano nyuma. Akakizunguka kilima badala ya kukigonga kwa kichwa. Wajerumani wakakihama bila kupigana, wakajipanga upya kwenye vilima vya Latema na Reata nyuma ya Taveta, na huko usiku wa tarehe 11 Machi watu wakachinjana gizani mpaka kamanda wa kikosi cha King's African Rifles, Graham, akauawa akiwa mbele ya askari wake. Asubuhi Wajerumani wakarudi nyuma. Vita vyenyewe havikuisha mpaka Novemba 1918, huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala, Zambia. Maana yake kilima kile kilikuwa mwanzo tu wa kutembezana.

Mlima Kilimanjaro ulikuwa kwenye ratiba. Ulifunikwa na mawingu siku nzima. Hilo nalo tulilipia.

Mchana, tumeloa jasho, sweta tumezifunga viunoni, tukapelekwa kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta. Nilishuka kwenye basi nikiwa nimejiandaa kunung'unika, nikakosa pa kuanzia. Pamekatwa nyasi. Namaanisha pamekatwa: uwanja wote umelingana kama meza ya majani chai iliyochumwa na mtu anayejua kazi, mawe yamekaa mstari kwa mstari, na kila jiwe lina jina la mtu, kikosi chake na siku aliyokufa. Yapo ya waliokufa Salaita na yapo ya Latema. Watu hawa wamelala hapa zaidi ya miaka mia moja, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ingali inawalipia mkata nyasi. Mimi natafuta mtu wa kukata nyasi kwangu tangu Pasaka. Nilimfuata mhudumu wa pale nikamuuliza wanatumia mashine gani, kampuni gani, na kama anaweza kuja Bomet wikendi. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea wageni.

Wenzangu wakatawanyika kusoma majina. Nami nikaanza kutafuta langu.

Niwaeleze. Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina bibi hukaa naye wakamtajia majina ya mababu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na lile ambalo mtoto akilisikia anapiga chafya ndilo lake. Mhenga amekubali kurudi. Wenye haraka husaidia kwa ugoro kidogo puani. Mimi nilipiga chafya kwa jina la kaka yake babu, aliyechukuliwa wakati wa vita hivi kubeba mizigo ya jeshi, akaondoka na blanketi, hakurudi, na hakuna barua iliyokuja. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuwa na jina langu huenda yumo humu humu nyikani. Nilipita mistari yote. Nikarudi. Nilimkuta luteni, nikamkuta sajini, nikawakuta vijana wa Transvaal wa miaka ishirini ambao mama zao bila shaka walilia. Jina langu halipo.

"Mshukuru Mungu, Mjomba," mpwa wangu akasema. "Si watu wengi wanaotafuta jina lao makaburini wakalikosa."

Nilitaka kumzaba kofi, lakini alikuwa ameshika kitabu, na akishika kitabu hakamatiki. Akanieleza kwamba hata nikitafuta wiki nzima sitalipata. Wapagazi wa vita hivi hawakuzikwa kwa mawe. Ndio wale wa Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walibeba risasi, unga na majenerali wagonjwa, wakafa kwa kuhara, kwa homa na kwa kula posho isiyoiva. Hesabu rasmi ya vifo vyao ilipita 40,000. Wanahistoria wengi wanasema walikaribia 100,000. Ya waliouawa, kujeruhiwa na kupotea Salaita tunaijua mpaka 172. Ya hawa inakisiwa kwa makumi ya maelfu, kama mtu anayepima makaa kwa macho. Na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa wenyewe. Serikali ya London iliona wenye pesa hawaonekani, ikaona heri izikalie.

Kuhusu mawe, mabwana wa wakati huo waliandika kwamba Mwafrika hataelewa maana ya jiwe la kaburi, kwa hiyo wapewe mnara mmoja kwa jumla. Ndiyo maana ya ile sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, ya mwaka 1928, ambayo nimewahi kuiegemea nikingoja matatu bila kujua naegemea kaburi la mtu wa kwetu. Mmoja wa wale watu wa shaba ni mpagazi. Mmoja, kwa niaba ya wote. Mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ya makaburi ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na huenda wakafika 350,000.

Hataelewa maana ya jiwe! Mtu anayejua ng'ombe wake arobaini, na mama zao, na nyanya zao, na ni yupi alitolewa mahari ya nani mwaka gani. Mtu ambaye akigombania mpaka wa shamba hufukua jiwe lililozikwa na babu yake na kukuapia kwalo. Hilo jiwe ndilo haelewi.

Nilikuwa bado natoa hotuba hiyo, na mhudumu ameacha kufanya kazi ili asikilize, jirani yangu wa goti alipoketi kwenye galoni yake akauliza kwa upole, kana kwamba anauliza saa:

"Na wale wa Sotik wako wapi?"

Watu wakanyamaza, maana kila mmoja wetu anapita Sotik. Pana stendi, pana benki, pana maziwa. Mwaka 1905 palikuja kikosi cha King's African Rifles chini ya Meja Pope-Hennessy, na bunduki ya Maxim, kuwaadhibu Wakipsigis wa upande ule kwa kukataa kurudisha ng'ombe na mateka waliowachukua kwa Wamaasai. Waliouawa, wake kwa waume na watoto, hesabu inayotajwa mara nyingi ni 1,850. Ardhi baadaye ikagawiwa walowezi. Ukichukua hata wale 172 wote wa Salaita ukawazidisha mara kumi bado hujafika Sotik. Na kwetu hakuna nyasi zilizokatwa, hakuna mhudumu, hakuna hata ubao wa kufungia mbuzi. Tumekuja zaidi ya kilomita 600 kutazama mawe ya watu wa Transvaal.

Mwenyekiti akavua kofia, akatangaza kwamba kikundi kitajenga mnara. Tukapiga makofi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu safari ya kurudi ni ndefu na watu kumi na tisa wenye wazo moja hawawezi kukaa kimya ndani ya basi lililojaa ndizi. (Soko la Taveta lina ndizi za bei ya aibu. Akina mama walinunua mikungu mpaka viti vya nyuma havikaliki, na hakuna aliyetaja nguo za kuogelea tena.)

Mpaka Mwatate tulikuwa na kamati ya ujenzi. Mpaka Voi kamati ilikuwa na kamati ndogo. Mpaka Mtito Andei palizuka ugomvi kuhusu kibao: wengine walitaka jina la mgeni rasmi atakayezindua liandikwe juu kwa herufi kubwa, na waliokufa chini, kwa ufupi. Mwingine akasema mgeni rasmi hatakubali kuja bila hema na viti vya plastiki, na hema ni pesa. Ikapendekezwa kamati ipate posho ya kikao. Ikapendekezwa pia kwamba kabla ya kujenga chochote tufanye ziara ya mafunzo, kama wanavyofanya waheshimiwa wa kaunti, tukaone mnara uliokwisha kujengwa. Na kwa kuwa Mombasa nayo ina sanamu ya askari wa vita hivyo, twende Mombasa. Niliunga mkono kabla msemaji hajafunga mdomo.

Tulipofika Emali nikalala. Nilipoamka Nairobi nilikuwa mweka hazina. Walisema nilichaguliwa bila kupingwa, na kweli sikupinga.

Ni mpwa wangu aliyeuliza swali la kuudhi, karibu na Narok, watu wameshachoka: majina tutayaandika yapi? Waingereza waliandika ya kwao jioni ile ile. Ya Sotik hayakuandikwa na mtu, yako katika vichwa vya bibi zetu wanaotajia watoto, na bibi hao wanapungua kila msimu. Mwenyekiti akaamua kwamba kila mwanachama akaulize nyumbani kwao ni nani alikufa mwaka ule, aandike jina na ukoo kwenye karatasi, alete kituo cha majani siku ya Jumatatu baada ya kupima, pamoja na shilingi hamsini za kuanzia.

Nimekaa na daftari la hazina pale kituoni, kando ya mizani, kwa wiki kadhaa sasa. Watu wanakuja, wanatoa karatasi mfukoni, wanasoma polepole ili nisikosee tahajia, wengine wanarudi kesho yake kusema bibi amekumbuka mwingine. Kurasa mbili zimejaa, na ya tatu nimeipigia mstari. Kuhusu zile hamsini, kila mmoja anasema lori likilipa.